Siku Mama Madoa Alipovuka Kwenda Kisiwani

Kwa miaka kumi na tisa Mama Madoa alikijua kisiwa kile kwa harufu yake tu. Kila asubuhi boti ya mizigo ilileta magunia ya turubai yaliyojaa mashuka na taulo za hoteli ya huko, na yakishafunguliwa, kisiwa kizima kilimwagika juu ya meza ya kuchambulia: chumvi, kahawa, mvinyo mwekundu, mafuta ya kujikinga na jua, na mchanga mweupe uliojificha kwenye pindo za taulo. Yeye na wenzake wanane walifanya kazi upande huu wa maji, kwenye jengo refu la bati nyuma ya ghala la saruji, ambamo mashine hazinyamazi na vioo vya madirisha hutokwa jasho mchana kutwa. Hoteli yenyewe ilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa boti. Siku ya hewa safi ungeiona ukisimama kwenye kibaraza cha kuanikia, ukanda mwembamba wa kijani juu ya maji. Hakuwahi kufika.

Jina hilo alipewa na wenzake, naye hakulikataa. Doa lililomshinda kila mtu lilipelekwa kwake, naye kwanza alilinusa, kisha akalishika kwa kidole, kisha akauliza lina siku ngapi.

“Doa ni kama mgeni wa ghafla,” aliwaambia wasichana wapya. “Usilirukie. Uliza kwanza limetoka wapi. La damu ukilipokea na maji ya moto, limehamia, hilo halitoki. Na haya mafuta ya jua, ukiyatia dawa ya kung'arisha yanageuka rangi ya kutu, utalia.”

Kwa kuchambua tu aliweza kukusimulia ya huko ng'ambo. Chumba namba saba wana mtoto mchanga. Namba ishirini wanakula kitandani. Namba kumi na mbili wamegombana, maana hata kochi limetandikwa shuka. Aliyasema haya kwa wenzake kwa sauti ndogo, wakacheka, kisha mashuka yakaingia mashineni na habari zao zikaenda na maji.

Mwaka huo wa kumi na tisa hoteli ilipata meneja mpya, mwanamke mfupi mwenye maswali mengi. Siku ya kwanza alivuka na boti ya mizigo, akazunguka jengo lote, akagusa hata mabomba, kisha akauliza, “Nani kati yenu amewahi kufika kisiwani?”

Hakuna aliyeinua mkono. Msichana mmoja alicheka kwa aibu.

Wiki mbili baadaye ikaja barua: msimu huu wa wageni wachache, kila mtu wa dobi atakwenda kisiwani siku moja na familia yake, watu wanne kwa jumla, atakula na kupumzika kama mgeni. Wa kwanza ni aliyekaa kazini muda mrefu kuliko wote.

“Nimesema mgeni,” meneja alimwonya Mama Madoa kwenye simu. “Nikikukuta unakunja taulo, nakurudisha na boti ya mizigo.”

Sasa, familia yenyewe ilikuwa hivi. Mumewe alikuwa kinyozi asiye na unywele hata mmoja kichwani. Wateja walimtania, naye alikuwa na jibu lake la siku zote: “Mpishi mzuri ni yule aliyeshiba.” Binti yao wa mwisho, Kitindamimba, alikuwa na miaka kumi na tisa, umri sawasawa na kazi ya mama yake, na simu yake haikutoka mkononi ila wakati wa kuoga. Wa nne alikuwa mama wa kinyozi, ambaye mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mwalimu.

Mwalimu alikuwa ameongoza shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Alihamia kwa mwanawe miguu ilipoanza kumsumbua, na alikuja na kabati la vitabu, redio, na mgongo ulionyooka kama rula. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusahihisha. Ukimwambia “naenda kumuona daktari kwa sababu ya kichwa kinauma,” angekwambia sentensi yako nayo inahitaji daktari. Mkwewe alimheshimu, akampa chumba chenye dirisha la mashariki, akamwita Mama. Mwalimu naye alimwita “binti wa watu,” kwa upole kabisa, lakini miaka ikapita na bado alikuwa wa watu.

Siku moja Mama Madoa alirudi kutoka kazini mapema, akamsikia Mwalimu akizungumza na mgeni wake sebuleni. “Mmoja ananyoa watu, mwingine anawafulia,” alikuwa akisema. “Nyumba hii imebakia kupata mtu wa kuwaogesha.” Mgeni alicheka sana. Mama Madoa alivua viatu, akapitia mlango wa jikoni, akaweka maji ya chai. Hakumwambia mtu. Lakini neno lile lilikaa.

Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, lililomkera kuliko lile. Mwalimu hakumruhusu amfulie. Katika nyumba yenye mtu ambaye mikono yake ilikuwa imefua mashuka ya mabalozi, Mwalimu aliamka saa kumi na moja alfajiri, akajifungia bafuni, akafua nguo zake na shuka lake mwenyewe kwenye beseni. Mama Madoa alilala akisikia maji yakimwagika, akijiambia: haamini mikono yangu. Ananiona si msafi wa kutosha.

Barua ya meneja ilisomwa mezani.

“Kisiwani kufanya nini?” aliuliza Mwalimu.

“Kupumzika, Mama.”

“Mimi nimestaafu. Kila siku kwangu ni mapumziko.”

“Kuna bahari, Mama,” alisema kinyozi.

“Bahari naiona nikienda sokoni.”

“Bibi, kuna vitanda chini ya miavuli,” alisema Kitindamimba. “Unalala tu, unaletewa juisi.”

“Mtu mzima kulala hadharani, mchana! Nimesikia mengi.”

Alikuwa ameanza kukataa mambo mengi siku hizo. Mikutano ya walimu wastaafu alikuwa ameiacha tangu mwaka jana, akidai wanaongea sana bila ajenda. Harusi mbili alituma zawadi, yeye akabaki. Ndiyo maana wote walishangaa siku ya safari ilipofika, wakamkuta yeye ndiye wa kwanza kuwa tayari, amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, gauni la kijivu limenyooka, viatu vya kamba vimeng'arishwa, mkoba magotini.

“Mama, kunywa chai kwanza,” alisema Mama Madoa.

“Sinywi kitu nikisafiri.”

Boti ya abiria haikuwa ile ya mizigo. Ilikuwa na viti vyenye mito myeupe na kivuli cha turubai la bluu. Kinyozi alikaa mbele na nahodha, akamtazama kichwa, akamwambia nywele zake zinaanza kukimbia kwa upande wa kushoto na kwamba yeye kinyozi anaijua njia hiyo mpaka mwisho wake. Walicheka njia nzima. Mwalimu alishika bomba la chuma kwa mikono miwili na kuangalia mbele. Mama Madoa aliangalia ule ukanda wa kijani ukinenepa, ukapata miti, ukapata paa za makuti, ukapata gati la mbao na watu wawili waliosimama na sinia.

Kwenye sinia kulikuwa na vitambaa vidogo vya kufutia uso, baridi, vimeviringishwa. Mama Madoa alichukua chake. Badala ya kufuta uso, alikinusa.

“Mchaichai,” alisema. “Hii wameongeza wao huku. Sisi hatutii.” Kisha akaona uzi umechomoza kwenye pindo, akaanza kuurudisha ndani kwa ukucha.

“Mama!” alinong'ona Kitindamimba. “Boti ya mizigo!”

Walipewa chumba cha kubadilishia nguo, na kwa bahati kilikuwa namba kumi na mbili, cha wale wagomvi. Mama Madoa alisimama mlangoni. Kitanda kilikuwa kipana kama sebule yake, na shuka lilikuwa limevutwa mpaka likawa halina hata kunyanzi moja. Miaka yote hiyo alikuwa ameyaona mashuka yale yakiwa rundo, au yakizunguka kwenye maji, au yakitoka kwenye mashine ya pasi yakiwa yamekunjwa mara nane. Hakuwahi kuona moja likiwa limelala mahali pake, limetulia, dirisha limefunguliwa na mwanga umelipiga. Alikaa ukingoni polepole, kisha akajilaza chali, viatu nje ya kitanda.

“Vipi?” aliuliza mumewe.

“Wanga wa pasi umezidi kidogo,” alisema. Lakini macho alikuwa ameyafumba, na hakuinuka kwa muda.

Hapo akaingia mhudumu wa vyumba, mwanamke wa makamo, mnene, mwenye miwani, ameleta maji ya kunywa. Alipoambiwa mgeni ni nani, aliweka chupa chini.

“Wewe ndiye wa vile vikaratasi?”

Kwa miaka mingi watu hawa wawili walikuwa wakiandikiana bila kuonana. Mhudumu alibana kikaratasi kwenye shuka kwa pini: *Wino, chumba cha tatu, samahani.* Na shuka lilirudi safi, na kikaratasi kingine: *Limetoka. Kuna hereni ilikuwa kwenye foronya, nimeifunga kwenye leso.* Mara moja mhudumu alifiwa, akaandika hilo tu, bila doa lolote, na gunia la kesho yake lilirudi na ukurasa mzima. Walikumbatiana katikati ya chumba. Mwalimu, aliyekuwa anatafuta mahali pa kuweka mkoba wake, alisimama akawaangalia.

Basi wakala. Meza ilikuwa ndefu, na kinyozi aliizunguka mara mbili bila sahani, kama mtu anayekagua eneo kabla ya kujenga. Baadaye alijenga. Wali chini, samaki juu ya wali, kuku juu ya samaki, na keki pembeni ikiegemea ukuta. Kitindamimba alimpiga picha, na chakula, na kijiko. Mwalimu alikula kipande kimoja cha samaki na tikitimaji kidogo, akasema anatosheka.

Lakini jua la kisiwani halina staha. Kufikia saa saba hewa ilikuwa imesimama, mchanga unachoma, na Mwalimu, ndani ya gauni lake la mikono mirefu, alianza kupumua kwa mdomo. Kitindamimba alimletea juisi. Akaikataa. Akaiangalia. Akainywa yote bila kupumzika, na ya pili akaimaliza kabla barafu haijayeyuka. Kisha akakubali kukaa, kukaa tu, kwenye kimoja cha vile vitanda chini ya mwavuli.

“Dakika tano,” alisema.

Dakika tano zikawa saa nzima ya usingizi. Kinyozi na bintiye waliingia majini. Vitanda vya jirani vilikuwa na wageni wawili watatu, wamelala na vitabu usoni. Mama Madoa alikaa kwenye mchanga karibu na miguu ya mama mkwe wake, mikono haijui pa kwenda, akaangalia mawimbi madogo yakija na kurudi. Alijaribu kufikiri jambo, akakuta hana. Hilo halikuwa limemtokea tangu aolewe.

Aligeuka, akaona Mwalimu ameamka.

Alikuwa amefumbua macho na hakujitikisa. Alikuwa amelala vilevile alivyokuwa, mkoba ameuvutia mapajani na kuushika kwa mikono yote miwili, anaangalia juu kwenye vitambaa vya mwavuli.

“Mama, umepumzika? Twende ukanyooshe miguu kidogo.”

“Niache.”

“Kuna kivuli kule kwenye—”

“Nenda kwa mumeo, binti wa watu. Nimesema niache hapa.”

Sauti ilikuwa ya kawaida, ile ya darasani, lakini mwishoni ilipasuka. Na pale upepo mdogo ulipogeuka, pua ya miaka kumi na tisa ikamwambia Mama Madoa kila kitu kwa mara moja.

Hakuona kinyaa. Alichokiona ni beseni. Aliona mlango wa bafuni umefungwa saa kumi na moja alfajiri, na maji yakimwagika taratibu ili mtu asiamke. Aliona chai isiyonywewa, na mikutano isiyokuwa na ajenda, na harusi zilizotumiwa zawadi. Mwaka mzima na zaidi mwanamke huyu alikuwa ameibeba siri yake ukuta kwa ukuta na mtu pekee katika mtaa ule ambaye angeweza kuichukua bila hata kukunja uso, na mtu huyo alikuwa amelala kitandani akihesabu maudhi yake. Alijiona mjinga.

Hakusema lolote la hayo. Alichukua taulo kubwa, akalikunjua, akalitandaza juu ya magoti ya mama mkwe wake kama mtu anayemfunika dhidi ya upepo.

“Mama,” alisema, “joto limezidi. Twende baharini.”

“Na nguo hizi?”

“Na hizi hizi. Kitambaa hiki nakijua, maji ya chumvi hayakidhuru.”

Mwalimu aligeuza uso. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza Mama Madoa aliona jinsi macho yale yalivyokuwa yamechoka.

“Umejua,” alisema Mwalimu.

“Nimejua, Mama.”

“Tangu lini?”

“Tangu sasa hivi. Ningejua zamani, ungekuwa unalala mpaka jua litoke.”

“Watoto mia sita walikuwa wakisimama nikipita,” alisema Mwalimu kwa sauti ya chini. “Sasa angalia.”

Mama Madoa alisogea karibu, akamwinamia sikioni. “Mama, mimi kila asubuhi nafungua magunia kutoka hapa. Hawa hawa unaowaona na miwani ya jua. Wazee kwa vijana, mabwana kwa mabibi. Hakuna wiki inayopita bila la namna hii, tena si moja. Naloweka maji baridi, natia siki, naendelea na kazi. Sijawahi kumcheka mtu hata mmoja, na sijawahi kumtaja. Inuka twende.”

Alipiga magoti kwenye mchanga, akafungua kamba za vile viatu, akavivua, akaviweka pembeni, soksi ndani. Alimwinua kwa kumshika chini ya kwapa, akamzungushia taulo kiunoni, akalifunga. Wakaanza kwenda. Ilikuwa hatua kama sitini. Mgeni mmoja aliinua kitabu, akawaona wanawake wawili wakitembea polepole kuelekea majini wameshikana, akatabasamu, akarudi kwenye kitabu chake.

Maji yalikuwa vuguvugu. Yalipofika magotini, Mwalimu alisimama.

“Mimi sijui kuogelea.”

“Hata mimi.”

“Sasa tunakwenda wapi?”

“Hatua chache tu, Mama. Halafu tunakaa.”

Wakaenda hatua chache. Mama Madoa alilifungua lile taulo, akalitupia begani. Wakakaa kwenye mchanga wa chini, gauni la kijivu likajaa hewa na kuelea kama puto, na wimbi dogo likaja likawapiga kifuani wote wawili. Mwalimu alitoa sauti. Haikuwa kilio wala kicheko, ilikuwa sauti ya mtu aliyeshtukizwa. Wimbi la pili lilipokuja, kilikuwa kicheko.

“Jamani! Mama!” Kinyozi alikuwa akija mbio kutoka upande wa pili, maji yakiruka. “Mama yuko majini! Na gauni!”

“Bibi! Subiri, usitoke, nalete simu!”

“Msipige kelele kama darasa la kwanza,” alisema Mwalimu. “Na ni naleta, siyo nalete.”

Hakutoka. Magoti, ambayo nchi kavu yalimuuma kila hatua, majini yalinyamaza. Aliinyoosha miguu ikaelea, akaiangalia kama miguu ya mtu mwingine. “Kumbe mtu anakuwa mwepesi hivi,” alisema. Mwanawe alimshika mkono mmoja, mjukuu mwingine, wakamvuta huku na huku kwenye maji ya kina kifupi, naye akawaamrisha: polepole, sasa kushoto, rudini, tena.

Mama Madoa aliwaacha. Alirudi kwenye mwavuli, nguo zikichuruzika maji, akageuza godoro la kile kitanda, akafungua zipu. Aliijua zipu iko wapi, alikuwa amezifungua zipu za vifuniko vile kwa mamia. Mungu ashukuriwe, ndani yake kulikuwa na ngozi ya plastiki, akaifuta. Kifuniko alikipeleka kwenye bomba la kusafishia miguu, akakisuuza kwa maji baridi mara tatu, akakikamua, akakiviringisha ndani ya taulo. Mhudumu mwenye miwani alikuwa akipita na kapu.

“Weka hiki kwenye gunia la kesho,” alimwambia. “Usiandike kikaratasi.”

Mhudumu alimwangalia usoni mara moja tu. Alikipokea, akakisukuma chini kabisa ya kapu, akaleta kifuniko kingine, wakakivisha pamoja, mmoja huku, mwingine kule, kama watu waliofanya kazi hiyo pamoja maisha yao yote.

Meneja mfupi ndiye aliyewakuta hapo. “Nilikwambia nini kuhusu boti ya mizigo?”

“Mazoea, bosi,” alisema Mama Madoa. “Mkono hauna adabu.”

Waliondoka saa kumi. Mwalimu, kwa kuwa gauni lilikuwa limelowa chapachapa, alivaa sketi ya mjukuu wake na fulana yenye picha ya paka aliyevaa miwani. Nahodha alipomwona alitaka kucheka, akaangaliwa, akaacha. Kwenye boti hakushika lile bomba la chuma. Alikaa katikati ya viti, bega lake likigusana na la mkwewe kila boti ilipoyumba, na hakulisogeza.

Alfajiri iliyofuata Mama Madoa aliamka akasikia maji. Alikwenda mpaka bafuni. Mlango haukuwa umefungwa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya beseni, mikono magotini.

“Wewe unatia siki kiasi gani?” aliuliza, bila kuinua uso.

“Kikombe kimoja kwa beseni. Lete, Mama.”

“Nitakaa nione.”

“Kaa.”

Akakaa akaona. Baadaye, wakinywa chai jikoni kabla wengine hawajaamka, Mama Madoa alimwambia kwamba jambo lile lina daktari wake. Mwalimu alisema ni uzee. Mama Madoa akasema doa lolote, kwanza uliza limetoka wapi. Walikwenda wiki hiyo hiyo, wawili tu, nyumbani wakaaga kwamba wanakwenda kununua miwani. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alieleza kwamba mkojo huwaponyoka wanawake wengi wa umri ule na hata chini yake, na wengi wao wanalificha jambo hilo, akatoa dawa na mazoezi ya kufanya kila siku. Haikuisha yote. Ilipungua kiasi cha kutosha. Mwalimu alianza kunywa chai ya asubuhi, kisha akarudi kwenye mikutano ya wastaafu, ambako katika kikao cha kwanza aliwapa ajenda.

Kusahihisha hakuacha. Hata “binti wa watu” ilimponyoka mara mbili tatu kwa mazoea, kisha ikapotea, na hakuna aliyeweza kusema ilipotea siku gani. Yule mgeni wa sebuleni alipokuja tena akauliza mkwe bado anafulia watu, Mwalimu alitua kikombe chake. “Bado,” alisema. “Na kazi yenyewe ina siri kama ya daktari. Ungejua anayoyajua usingeuliza.” Mama Madoa alikuwa jikoni. Safari hii hakuvua viatu. Aliingia sebuleni na sinia, akamimina chai, akakaa.

Kinyozi hakuambiwa, mpaka leo. Kwake siku ile ni siku mama yake, mwenye miaka sabini na minane, aliyekuwa haogopi kitu ila maji, aliinuka usingizini akatembea moja kwa moja baharini na gauni lake. Anawasimulia wateja, na kwa kuwa mteja akiwa kwenye kiti hawezi kukimbia, hadithi imekua. Mwanzoni Mwalimu aliingia mpaka kiunoni. Mwaka uliofuata ilikuwa mpaka shingoni. Siku hizi amefika kwenye matumbawe na ameona kasa.

Wapo wasioamini. Mama Madoa akipita pale jioni, akitoka kazini na mfuko wake begani, humwita kupitia mlangoni, wamuulize yeye aliyekuwapo: je, ni kweli bibi yule aliingia mwenyewe?

“Kweli kabisa,” huwajibu. “Mimi nilimfuata nyuma tu.”